Wembe Mmoja, Vichwa Kumi

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mmoja mbele ya wanafunzi wa sekondari mjini Sumbawanga, mwezi Julai. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe msomaji ambaye hukuwepo uyapate.

 

Kaeni, jifunikeni vizuri. Baridi ya Julai hapa kwetu haina mchezo. Wewe uliyetoka bondeni Mtowisa, au kule ziwani Kirando, nakuona umevaa masweta mawili na bado unatetemeka. Pole. Sitawaweka muda mrefu.

Nianze na swali. Jumapili iliyopita, wangapi kati yenu mlinyolewa nywele bwenini? Nyosheni mikono. Wengi. Haya, nyembe zilikuwa ngapi? Mnacheka! Nimesoma bweni mimi, najua. Wembe mmoja, vichwa kumi. Wa kwanza anakatwa kidogo nyuma ya sikio, anasema "aah, endelea tu". Wembe unafutwa kwenye kaptula, anakaa wa pili. Wa pili ana chunusi, nayo inatumbuliwa. Anakaa wa tatu.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie leo. Kuna ugonjwa ambao hupita kwenye ule wembe bila kupiga hodi. Unaitwa homa ya ini.

INI NI NINI, NA KWA NINI LINANYAMAZA

Hebu kila mmoja aweke mkono wake upande wa kulia, chini ya mbavu. Hapo ndipo ini lilipo. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Linahifadhi sukari ya akiba, linatengeneza nyongo ya kusaga mafuta, linatengeneza vitu vinavyogandisha damu ukijikata, na linachuja sumu. Ukila, ukinywa, ukimeza dawa, mwisho wa safari ni kwenye ini. Waswahili walijua thamani yake, ndiyo maana neno baya lililokuumiza sana unasema "limenikata maini".

Lakini ini lina tabia moja ya ajabu. Nyama yake yenyewe haisikii maumivu. Jino likitoboka utalia usiku kucha. Ini linaweza kuliwa miaka 20 na wewe unalima, unacheza mpira, unafunga ndoa, unazaa. Siku linapotoa sauti, mara nyingi limeshajaa makovu na kuwa gumu kama soli ya kiatu, au limeota saratani.

Kwa hiyo, wanangu, usiniambie "mimi sina dalili". Kwa ugonjwa huu, kukosa dalili si cheti cha afya.

IRABU NA KONSONANTI

Virusi vya homa ya ini viko vya aina tano: A, B, C, D na E. Msihangaike kukariri. Mwalimu wenu wa Kiswahili ameshawarahisishia kazi.

A na E ni irabu. Irabu unazitamka kwa kufungua kinywa, na virusi hivi huingia kwa kinywa. Vinatoka kwenye choo cha mgonjwa, vinaingia kwenye maji, kwenye tunda lisilooshwa, kwenye mkono usionawa, kisha tumboni mwako. Mara nyingi mtu hupona mwenyewe, ingawa E ni ya hatari sana kwa mama mjamzito. Dawa yake unaijua: choo, sabuni, maji yaliyochemshwa. Kwa jinsi kipindupindu kinavyotusumbua kule kandokando ya maziwa yetu, hilo halihitaji hotuba ndefu.

B, C na D ni konsonanti. Hizi huingia kwa damu na majimaji ya mwili. D haiwezi kuishi peke yake, humshika tu mtu mwenye B. Hizi B na C ndizo zinazokaa mwilini kimya kwa miaka na kuua polepole. Leo nitasema zaidi juu ya B.

Jambo jingine. Msichanganye homa ya ini na homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu, ni ugonjwa mwingine kabisa. Macho kuwa ya manjano ni dalili tu, na magonjwa mengi yanaweza kuileta.

KAKA YANGU

Sasa nitawaeleza jambo la nyumbani kwetu. Sikupenda kulisema hadharani, lakini mama yangu alinipa ruhusa. Alisema, "Waambie hao watoto."

Mwaka 2013 kaka yangu alikuwa na miaka 36. Mkulima hodari, kijijini kwetu upande wa Laela. Mwaka ule alivuna mahindi mpaka akakosa magunia. Mimi nilikuwa kazini mbali, kando ya Ziwa Tanganyika. Akaanza kuchoka. Akapungua mwili, halafu tumbo likaanza kujaa kama la mjamzito. Macho yakawa ya manjano.

Mnajua watu walisema nini. Amerogwa, kwa sababu ya yale mahindi.

Jamani, sisi watu wa hapa tunataniwa sana. Ukisema umetoka Sumbawanga, mtu wa Dar es Salaam anakuuliza kama ulikuja kwa basi au kwa ungo. Wazee wetu hutueleza kwamba jina lenyewe, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mgeni akifika hapa anaambiwa auache uchawi wake nje. Sasa mji wenye jina hilo, sisi wenyewe tunaurudisha uchawi ndani kila tumbo linapojaa?

Mganga aliitwa. Ng'ombe wawili wakauzwa. Mganga akasema nyumba nzima ichanjwe chale, wakubwa kwa wadogo. Watu tisa. Wembe ulikuwa mmoja.

Habari zikanifikia mimi mwishoni kabisa, nikapanda gari. Tulimfikisha hospitali akiwa hawezi kukaa. Daktari alipima damu, akampiga picha ya tumbo. Homa ya ini B, na ini lilikuwa limeshaota saratani. Hakumaliza mwezi.

Baada ya mazishi daktari alituambia sote tupimwe. Mama yangu akakutwa na virusi. Mdogo wangu wa kike akakutwa navyo. Wengine hatukuwa navyo. Na mimi? Mimi nilikuwa na miaka 11 kazini, nachoma sindano kila siku, nafunga vidonda kila siku, na sikuwahi kupima wala kuchanjwa. Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wapime, nikirudi nyumbani nasema nitapima mwezi ujao. Siku ile nikingoja majibu yangu, miguu ilikuwa inatetemeka kuliko yenu sasa hivi. Muuguzi naye ni mtu, anaogopa.

Watu walituuliza, "Sasa nani alimwambukiza nani?" Hatujui. Yawezekana mama aliwapa wanawe wawili wakati wa kuwazaa, bila kujua, kama yeye naye alivyopata bila kujua. Zile chale zingeweza kumpa mtu mwingine pale pale. Mimi nilisema, hapana, hatutafuti. Kutafuta nani alimwambukiza nani ni kutafuta mchawi wa pili.

MTOTO NA MTU MZIMA SI SAWA

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo kiini cha maneno yangu.

Virusi vya B vikimwingia mtu mzima mwenye afya, mara nyingi mwili hupigana navyo na kuvishinda. Wanaobaki navyo maisha yote ni wachache, hawafiki 5 katika kila 100. Lakini vikimwingia mtoto mchanga, mambo yanageuka. Karibu watoto 90 katika kila 100 hubaki navyo maisha yote. Mwili wa mtoto bado haujajua kutofautisha mgeni na mwenyeji. Unamkaribisha mwizi, unampa na kitanda.

Ndiyo sababu mtu wa miaka 36 anaweza kufa kwa ugonjwa alioupata siku ya kwanza duniani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na milioni 50 wakiishi na C. Mwaka huo huo homa ya ini iliua watu milioni 1.3. Katika maambukizi mapya ya B, 63 kati ya kila 100 yalikuwa katika kanda yetu ya Afrika. Na katika wale wote duniani wenye B, waliokuwa wamepimwa na kujua ni 13 tu katika kila 100. Wanaobaki, 87, wanalima na kucheza mpira kama kaka yangu.

BAHATI MLIYONAYO NINYI

Mjini hapa kuna hospitali yenye jina la Dk. Atiman. Mnamjua? Adrian Atiman alikamatwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa utabibu. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu kule mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya utumishi! Nina hakika aliona matumbo mengi kama la kaka yangu. Lakini hakuwa na njia ya kujua kirusi kiko damuni, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekigundua. Ni katika miaka ya 1960 ndipo mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg, alipokipata, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Alizaliwa tarehe 28 Julai, na ndiyo maana Siku ya Homa ya Ini Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

Leo wewe, kwa tone la damu la kidoleni na dakika 20 za kungoja, unaweza kujua jambo ambalo Atiman hakuweza kulijua kwa miaka 67.

Na kuna bahati ya pili. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za kawaida za kliniki mwaka 2002. Tangu mwaka 2009 imo ndani ya ile chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ambayo wauguzi huiita Penta. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14.

Piga hesabu. Wewe wa kidato cha kwanza mpaka cha sita ulizaliwa baada ya 2002. Ulitakiwa kuipata. Kama mama yako alikupeleka mara zote tatu, inawezekana kabisa umekingwa. Lakini mama yako je? Baba? Kaka yako aliyezaliwa mwaka 1998? Dada yako aliyezaliwa 2000? Hao walizaliwa kabla chanjo haijafika. Wewe umevaa sweta, wao wako nje kwenye baridi.

Na usijidanganye kwa lile kovu la begani. Lile ni la chanjo ya kifua kikuu. Ya homa ya ini haiachi kovu. Ushahidi ni kadi yako ya kliniki. Ukirudi likizo mwombe mama akutafutie. Iko kwenye sanduku, pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za mbolea. Angalia kama chanjo ya homa ya ini B imejazwa mara tatu. Kama kadi imepotea au umekosa dozi, nenda kituo cha afya, waeleze hivyo hivyo.

NAMNA YA KUPIMA NA KUCHANJWA

Ukifika usiseme tu "naumwa". Sema, "Naomba kupimwa homa ya ini B na C." Taja jina, kwa sababu kipimo cha malaria hakionyeshi homa ya ini, na kipimo cha UKIMWI nacho hakionyeshi. Kama zahanati ya kijijini haina kipimo, uliza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, au hospitali ya mkoa hapa mjini. Uliza na bei kabla, si aibu.

Majibu yakiwa hauna virusi, na hujawahi kuchanjwa, chanjwa. Kwa mtu mzima ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Wengi huchoma ya kwanza, wanarudi ya pili, ya tatu wanasahau. Usiwe hivyo. Anayezimaliza zote hupata kinga kubwa sana.

Majibu yakiwa unavyo, tulia. Siyo hukumu ya kifo. Utapimwa tena baada ya miezi sita kujua kama virusi vimeondoka au vimekaa. Daktari ataangalia hali ya ini. Si kila mtu huhitaji dawa mara moja, lakini kila mtu anahitaji kufuatiliwa. Anayehitaji hupewa kidonge cha kila siku kinachovilaza virusi visiendelee kula ini. Usikiache bila daktari kukuambia. Na homa ya ini C ndiyo habari njema zaidi: siku hizi kuna vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinavyoiponya kabisa kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100. Chanjo ya C bado haipo.

Mdogo wangu yule anameza kidonge chake kila usiku baada ya ugali. Ameolewa, mume wake alichanjwa. Ana watoto wawili, wote wamechanjwa na wamepimwa, hawana. Mama naye huenda kliniki kila miezi sita, ini lake bado liko salama. Wembe ulikuwa ule ule na ukoo ni ule ule. Tofauti yao na kaka ni kwamba wao walipimwa mapema.

UJIKINGE VIPI BWENINI NA NYUMBANI

Andikeni, haya ni mambo ya kila siku.

1. Kila mtu na wembe wake. Ukinyoa, ufunge kwenye karatasi uutupe panapostahili. Kirusi cha B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Kuufuta wembe kwenye kaptula hakuui kitu.

2. Kinyozi akiwa na mashine, mwambie aisafishe meno yake kwa dawa mbele yako. Wewe ndiye mwenye hela, una haki ya kusema.

3. Mswaki hauazimwi. Hata kwa rafiki wa kufa na kuzikana.

4. Kutoga masikio, kuchora tatuu, kuchanja chale, kukata kilimi cha mtoto: kila kinachopasua ngozi kwa chombo kilichotumika ni mlango. Kama nyumbani wanakulazimisha chale na huwezi kuwapinga wazee, basi angalau sema kwa adabu, "Babu, naomba wembe mpya wa kwangu." Wembe mpya ni wa bei ndogo. Ng'ombe wawili ni wa bei kubwa.

5. Damu ikimwagika bwenini, usiishike kwa mkono mtupu. Vaa hata mfuko wa nailoni, mwagia jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji, iache dakika 10, ndipo ufute.

6. Ngono. Sitazunguka. Kirusi hiki hupita kwa ngono, na huambukiza kwa urahisi kuliko kile cha UKIMWI. Kusubiri ni kinga. Aliyeshaanza atumie kondomu kila mara, naye apime na achanjwe.

7. Ukichomwa na sindano iliyotumika, au damu ya mwenye ugonjwa ikaingia kwenye kidonda chako, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ikiwahi ndani ya saa 24 inaweza kuuzuia ugonjwa.

NA MAHINDI JE?

Mnashangaa, mahindi yanaingiaje hapa? Sisi wa Ufipa ni watu wa mahindi. Tunalisha mikoa mingine. Lakini mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ule hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii hushambulia ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Hata ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini. Na kwa mtu mwenye homa ya ini B hatari hiyo huongezeka mara nyingi sana. Ni kama mafuta ya taa na kiberiti.

Kwa hiyo mwezi huu wa Julai mnapowasaidia wazazi, msianike mahindi kwenye udongo mtupu, tandikeni turubai. Yakauke kabisa ndipo yaingie ghalani. Yaliyooza na yenye ukungu msiyapeleke mashineni, eti "yatasagika tu". Kupika hakuiondoi sumu hii.

Na pombe, iwe ya ulezi, iwe gongo, iwe ya chupa, ni mzigo kwa ini. Mwenye virusi aiache kabisa.

MASWALI YENU

Nilipewa vikaratasi vya maswali. Vyote havina majina, vizuri.

"Nikikutwa nayo, nitaacha shule?" Hapana. Haiambukizi kwa kukaa dawati moja, kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana, kukohoa wala kula sahani moja. Mdogo wangu alipogundulika, shangazi mmoja alimtengea kikombe chake peke yake, chekundu. Alikunywa kwa kikombe kile akilia. Mama akakichukua, akakinywea yeye mbele ya watu wote. Yakaisha. Msimtengee mtu kikombe. Mtengeeni wembe.

"Mama mwenye ugonjwa huu anyonyeshe?" Ndiyo, anyonyeshe, na mtoto achanjwe. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na mjamzito apimwe mapema. Mkiwa na dada mjamzito nyumbani, mwambieni amuulize muuguzi wa kliniki habari za kipimo hiki.

"Naweza kuchangia damu ili nipimwe bure?" Damu inayochangwa hupimwa kweli homa ya ini B na C, UKIMWI na kaswende. Lakini usichangie kwa ajili ya kujipima. Ukijishuku, pima kwanza. Ukiwa salama, umefika miaka 18 na una afya njema, njoo uokoe mtu.

"Kuna mizizi inayotibu, ni kweli?" Hakuna mzizi uliothibitishwa kuondoa virusi hivi. Na baadhi ya dawa za kuchemsha zinaliumiza ini ambalo tayari ni gonjwa. Siwatukani waganga wetu, wapo wanaojua mambo mengi. Ila macho yakiwa ya manjano, anza hospitali.

"Naogopa. Nifanyeje?" Huyu ameandika maneno mawili tu, lakini ndiye niliyempenda zaidi. Mwanangu, na mimi niliogopa. Nenda na mtu. Mimi nilikwenda na mama yangu, tukakaa benchi moja. Majibu yake yalikuwa mabaya na yangu yalikuwa mazuri, na yeye ndiye aliyenishika mkono.

KAZI YA NYUMBANI

Ninawapa kazi tatu, sitazisahihisha kwa kalamu nyekundu. Ya kwanza, kuanzia Jumapili hii kila kichwa na wembe wake. Viranja, hili ni lenu. Ya pili, ukirudi likizo tafuta kadi yako ya kliniki. Ya tatu ndiyo ngumu. Mtafute mtu mmoja nyumbani aliyezaliwa kabla ya mwaka 2002. Kaa naye jioni motoni, mahindi ya kuchoma mkononi, umwambie habari hizi kwa heshima. Usimwambie "wewe ni mgonjwa". Mwambie, "Mimi nilipata chanjo, wewe ulikosa. Naomba tukapime pamoja."

Wazee wana msemo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaka yangu hakuficha kwa makusudi, maradhi ndiyo yalimficha yeye. Ninyi mmeshaambiwa.

Haya, nendeni mkaote jua.